Paka wa Mumbe na Nyasi za Donald

Mavi ya paka yana harufu ya kukufuata mpaka mezani. Wakesho aliyakuta Jumatano asubuhi, kabla hata hajatia chai sufuriani: marundo mawili mabichi, na nyasi zimefukuliwa ovyo. Na si mahali popote tu, jamani. Ni juu ya kifua cha Donald!

Donald alikuwa mumewe. Alifariki mwaka jana, akazikwa hapo hapo kwenye ploti yao ya Birikani, Voi, chini ya nyasi alizozipanda mwenyewe alipostaafu. Alikuwa ametamka kwa kinywa chake: "Msinimwagie saruji. Nilazeni chini ya nyasi zangu." Zilikuwa nyasi za Pemba, zile za kutambaa, na mtu wa Voi hahitaji kuelezwa maana ya kunywesha nyasi mahali ambapo mfereji unakohoa wiki nzima bila kutoa tone. Wakesho alizipa maji aliyooshea mchele, maji aliyooshea mboga, na maji ya kununua ya mkokoteni. Zikashika. Vumbi jekundu mtaa mzima, na kwake kijani. Halafu anakuja paka!

"Mama Mutheu!" akamwita jirani yake juu ya ua. "Hebu toka uone kazi ya mtoto wako!"

Mumbe akatoka, leso kifuani, mswaki mdomoni, bila haraka yoyote. Alikuwa Mkamba wa Mtito, muuza nafaka sokoni. Magunia yake ya ndengu yalilala nyumbani, na askari wa magunia hayo alikuwa Sajini, paka dume wa kijivu mwenye sikio lililoraruka.

"Mama Daisy, ni hayo tu?" Mumbe akatema povu. "Kwani paka anajua bikoni ya mpaka wa ploti iko wapi?"

"Mfungie ndani!"

"Nimfungie, anye juu ya ndengu za watu? Weka saruji kama wenzako. Kaburi gani la kufuga nyasi!"

Akarudi ndani akicheka. Kwa Wakesho, saruji ilikuwa jambo dogo. Aliyemtia hofu ni Alexander, kaka mkubwa wa Donald. Huyo alitaka ndugu yake azikwe Mghange, kule milimani, kando ya baba yao. Wasia ndio uliomshinda. Siku ya mazishi aliondoka na neno moja: "Kaa naye. Lakini siku nitakayokuta ndugu yangu hatunzwi, nitamfukua nimpeleke nyumbani." Na mtu huyo hatishi bure. Jumamosi ya wiki iliyofuata angekuja na ukoo kwa maombi ya mwaka mmoja. Akikuta ndugu yake amegeuzwa choo cha paka, atasema nini? Wakesho alikuwa ameishi na Donald miaka thelathini na minne. Kila jioni alipeleka kiti pale kaburini, akaketi, akamsimulia habari za mtaa. Wakimchukua, atamsimulia nani?

Basi vita vikaanza. Alipanga chupa za maji kandokando ya nyasi, kama watu wafanyavyo kufukuza mbwa. Sajini akazikuta, akajisugua shingo kwenye moja, akaingia. Wakesho akamwaga pilipili ya kusaga. Upepo wa Voi ukamrudishia yote machoni, na Mumbe nyuma ya ua akacheka mpaka akakohoa. Maganda ya ndimu yalikauka kabla ya saa sita. Alipoweka matawi ya miiba, paka alitafuta mwanya, akanya katikati kabisa, akafukia.

"Angalau anafukia," alisema Mumbe. "Ana adabu kuliko watoto wa siku hizi."

Ebo! Chakula kikawa hakipiti. Wakesho akila matonge mawili anasukuma sahani. Hasira imemkaa kifuani, nzito, haipandi haishuki.

Kwao Dawida, kwenye milima ya Taita, wazee husema hasira ukiifungia moyoni itamdhuru mtu: mtoto, jirani, hata wewe mwenyewe. Dawa yake ni kutasa. Unapiga funda la maji, unayapuliza nje, unatamka kwamba hasira imetoka na amani ibaki. Mama yake Wakesho alifanya hivyo. Yeye, mama wa kanisa, mwenye kiti chake mstari wa mbele, hakuwahi. Lakini Jumanne asubuhi, siku nne kabla ya wageni, alisimama kando ya kaburi na kikombe mkononi. Akapiga funda, akapuliza, akaanza kwa Kidawida, polepole: "Kama nina hasira, na itoke..."

Akainua macho. Sajini yuko juu ya ua, anajilamba.

Hapo hapo maneno yakamgeuka mdomoni. "Na itoke impate huyo paka," akasema. "Na immalize." Akapiga funda la pili, akapuliza kwa nguvu zake zote kuelekea kwa Mumbe.

Mumbe alikuwa anaanika nguo. Aliona kila kitu na hakuelewa neno hata moja.

"Wewe! Unatemea nyumba yangu?"

"Natemea kwangu!"

"Haya. Tutaonana!"

Ijumaa asubuhi Sajini akafa. Wenye kinu cha posho, barabara ya pili, walikuwa wametega sumu ya panya, na paka akala panya aliyekula sumu. Mtaa mzima ulilijua hilo, maana paka wengine wawili walikufa siku iyo hiyo. Mumbe hakutaka kusikia. Na Wakesho, tuseme ukweli, alifurahi. Aliimba akichambua mchicha. Akaona haya, akanyamaza. Kisha akaimba tena.

Jumamosi Alexander alifika na kofia yake ya pama na watu kumi na wawili. Alizunguka nyasi kimya, akachutama, akazipapasa kwa kiganja. "Laini," akasema. "Sikutegemea." Wakesho akapumua kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Wakaomba, wakaimba. Amina ya mwisho haijatua, Mumbe huyo, anaingia langoni na gunia. Akalibwaga mbele ya wageni. Mkia wa kijivu ukachomoza.

"Muulizeni huyu mama!" akapiga kelele. "Ametemea paka wangu uchawi, siku tatu tu, amekufa! Kesho atamtemea nani? Mimi? Mutheu wangu?"

Watu wakaguna. Alexander akainua mkono. "Alitema nini?"

"Maji! Hapo alipolala marehemu, akisema Kitaita chenu."

Alexander akacheka. Tangu mazishi hakuna aliyekuwa amemwona akicheka. "Mama, huo si uchawi. Huko ni kutasa. Mtu anatoa hasira yake ili jirani awe salama. Huyu alikuwa anakuombea." Akamgeukia Wakesho, sauti imelainika. "Shemeji, sikujua bado unayakumbuka haya. Hata wake zetu wa Mghange wameyasahau. Basi ndugu yangu yuko mahali pazuri. Sitamsumbua."

Hayo ndiyo maneno aliyoyangoja mwaka mzima.

"Mwambie ulisema nini," akasema Alexander.

"Nilisema hasira itoke," akajibu Wakesho. "Amani ibaki." Uongo ukateleza kama uji.

"Basi rudia kwa Kiswahili, asikie mwenyewe, akamzike paka wake ametulia." Akamkabidhi kikombe cha maji, akamgeukia Mumbe. "Tazama vizuri, mama. Maji hutoka na hasira. Hayamezwi. Akiyameza mtu, basi hasira bado anaitaka, na penye hasira hata marehemu hapumziki."

Wakesho akajaza mashavu. Wote wakasubiri. Mumbe alisimama mbele yake, macho mekundu kwa kulia, mkono kiunoni.

"Tema basi," akasema Mumbe. "Tema, mchawi."

Mungu shahidi, alitaka kupuliza. Lakini aliitafuta ile hasira akaikuta nzima, haijapungua hata chembe. Paka amekufa na bado anamchukia huyu mwanamke, anamchukia mpaka unyayoni. Na chini ya miguu yake kuna Donald. Amdanganye Alexander, sawa. Amdanganye Mumbe, sawa. Amwage amani ya uongo juu ya kifua cha mumewe, hapana, hilo hakuliweza.

Machozi yakamtoka. Koo likacheza, na maji yakashuka.

"Sasa?" akauliza Mumbe, akiwatazama mmoja mmoja. "Alikuwa na kiu?"

Alexander alichukua kikombe mkononi mwa shemeji yake, akakiweka chini taratibu, akavaa kofia. "Jumatatu," akasema, "naenda kutafuta kibali cha kumhamisha."