Kengele ya Lattanzio

Ndugu wawili wa tumbo moja nusura wauane hapa Roma kwa ajili ya mahali pasipo na kitu. Ukisikia watu wakisema elimu hupoza damu, waambie wakamwulize Lattanzio.

Huyu Lattanzio, mwalimu wa hesabu, alisimamisha bomba la madini ya risasi ukutani kwao, kutoka uani hadi roshani ya juu, na kileleni akaweka tufe la kioo kubwa kama tikiti maji. Akalijaza maji lote, akaziba juu, akafungua chini ndani ya pipa la maji. Maji yakashuka, yakalihama tufe. Ndani palibaki nini? Lattanzio alisema hapana kitu, hata hewa. Kaka yake, Padri Ersilio, alikuwa akihubiri kwamba utupu hauwezekani, na anayeufundisha anamtukana Muumba.

Basi wakawekeana sharti mbele ya walimu wenzao waliokusanyika roshanini. Ndani ya tufe ilining'inia kengele. Ikigongwa isisikike, padri atanyamaza daima. Ikisikika, Lattanzio atapiga magoti mbele ya kaka yake na kukana yote aliyofundisha.

Lattanzio akasogeza sumaku nje ya kioo. Nyundo ndogo ya chuma ikainuka, ikaanguka. Ngee! Kila mtu aliisikia.

"Debe tupu haliachi kuvuma!" Ersilio alicheka mpaka akatokwa machozi. "Haya mdogo wangu, magoti hayo! Taratibu, usichafue soksi."

Roshani nzima ikaangua kicheko. Aibu ilimkaba Lattanzio, na hasira ikaja nyuma yake. Akamkamata kaka yake shingoni.

"Unacheka, eti? Sogea basi uone vizuri!" Akambamiza uso kwenye tufe.

Kioo kilimezwa ndani kwa kishindo cha mzinga, kisha vipande vikarudi nje. Damu iliruka ukutani. Ersilio, haoni mbele wala nyuma, alimpata mdogo wake kwa kiwiko, akamvunja pua. Wakabiringishana juu ya vigae wakiumana, wakitukaniana mama, na mama mwenyewe ni mmoja. Wenzao waliwatenganisha kwa kuwaburuta miguu.

Alipokuwa akiokota mabaki, Lattanzio aliliona kosa lake. Kengele ilishikwa na ufito wa chuma uliokazwa kwenye shingo ya tufe. Mlio ulitoka kwa kupitia chuma! Jicho la kushoto la kaka yake limekwenda kwa ajili ya ufito. Hasira hasara.

Baridi ilipokwisha alijenga upya, safari hii kengele akaifunga kwa uzi wa hariri. Akatuma kumwita kaka yake, naye Ersilio akaja, kitambaa cheusi jichoni.

"Gonga," alisema. Nyundo ikagonga. "Tena." Ikagonga tena. "Kweli, sisikii kitu."

"Basi ni patupu, kaka. Sikukosea."

Ersilio akainama mpaka pua ikakaribia kioo, palepale pa siku ile. Lattanzio akarudi nyuma.

"Lakini naiona ikicheza," padri alisema. "Kama humu hamna kitu kabisa, nuru imepitaje mpaka ikafika kwenye hili jicho ulilonibakishia?"

Lattanzio akaitazama kengele, kisha kile kitambaa cheusi.

"Haya basi, mdogo wangu. Magoti."

Lattanzio akapiga magoti. Kuhusu utupu hakukana hata neno moja. Alimkumbatia kaka yake miguu, akamwomba radhi ya jicho, akilia kwa sauti. Ersilio alimwacha alie.