Jicho la Kidoti

Siku ya ishirini na tatu tangu Mboni azikwe, mtetea wake aliamka uso umevimba. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba, la kulia likichuruzika machozi, na ute wenye harufu mbaya ulimtoka puani. Sadalla alimtazama kidogo, akapita zake kuchota maji.

Mkewe alipokuwa hai, Sadalla hakuwahi kushika kuku. Yeye alikuwa fundi wa reli, mtu wa nyundo na grisi. Kuku walikuwa wa Mboni, na huyu mwenye madoa, aliyemwita Kidoti, alikuwa akimfuata mpaka jikoni. Msibani watu walimwambia Sadalla alie, kilio ni rehema. Alikitafuta kilio asikione. Alipopewa chakula alikula. Alipopewa pole aliitikia.

Adhuhuri akaja dada yake, Chiku, na sinia la wali lililofunikwa kawa kichwani. Akamwona kuku amejikunyata ukutani.

"Kaka, huyo mchinje kabla hajawa mzoga. Ataambukiza banda zima."

"Haya," akasema Sadalla.

Chiku alipoondoka, Sadalla alileta kisu, akaketi. Ilipoadhiniwa alasiri alikuwa angali ameketi nacho.

Praxeda, jirani aliyehamia mtaa huo wa Mabawa na mumewe kutoka mashamba ya mkonge, akachungulia uani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama."

Akachutama, akamnusa kuku. "Hiki si kideri. Ni mafua. Sisi huwa tunawaosha macho."

Akachemsha maji yenye chumvi, akayaacha mpaka yakawa vuguvugu. Akamviringisha Kidoti kwa kitambaa asipige mbawa, akamkanda jicho kwa pamba hadi ukoko ukalainika, kisha akafunua kope polepole. Ndani mlikuwa na usaha ulioganda, mweupe, kama machicha yaliyoshikana. Akaubinya kwa ncha ya kidole, ukatoka bonge zima. Sadalla alingoja kichefuchefu. Hakikuja.

"Mara tatu kwa siku, na pua vilevile," Praxeda akamwambia. "Mtenge na wenzake, awe na kikombe chake cha maji. Na unawe mikono kabla hujawashika wengine. Marhamu ya macho nitakuombea kwa dresa wa zahanati ya shambani."

Sadalla akafanya hivyo. Alfajiri baada ya swala, adhuhuri, na alasiri. Kwa kuwa jicho la kulia nalo lilikuwa limefumba na Kidoti hakuona chakula, Sadalla alilowesha pumba na kumtia mdomoni tonge kwa tonge. Hakumwonea huruma wala kinyaa. Mikono ilifanya kazi kama ilivyokuwa ikifanya relini, na yeye alikuwa mahali pengine, wala hakujua ni wapi.

Siku ya sita jicho la kulia lilifunguka. La kushoto lilikuwa limekwisha kudidimia.

Siku hiyo Chiku alimkuta ana kuku mapajani, akimpangusa pua. Akatua sinia chini.

"Laiti Mboni angekuona, kaka," akasema, na papo hapo akaangua kilio, akaketi kizingitini akimlilia wifi yake kwa jina.

Sadalla akamngoja. Aliyasikia maji yakipoa vidoleni.

"Chiku," akasema mwishowe, "hebu nishikie kichwa chake."

Chiku akajifuta kwa mtandio, akakishika. Kidoti akapiga chafya, ute ukamrukia Chiku mkononi. Akacheka huku machozi bado yanamtiririka. Sadalla akamfuta, akamwambia akanawe kwa sabuni, kisha akaendelea na pua.

Juma la tatu Kidoti alirudi bandani, chongo, akigeuza kichwa kizima kila alipotaka kudonoa. Ijumaa akataga. Sadalla akalichukua yai lingali na joto, akampelekea Praxeda.

"Amepona!" Praxeda akasema. "Umefurahi, mzee?"

Sadalla akamkabidhi yai.

"Sijui, mama," akasema. "Lakini anakula mwenyewe."