Sweta la Damu ya Mzee

Binti yangu alirudishwa nyumbani kwa sababu ya sweta. Alikuwa nalo, ila mikono yake ilikuwa imepanda karibu na viwiko, na mwalimu wa zamu akasema hataki kumwona tena mpaka anunue jipya la stoo ya shule, lenye nembo. Mtihani wa kumaliza ulikuwa mlangoni. Baba yake ni mpiga lipu, na jengo alilokuwa analipiga lilikuwa limesimama tangu mwenye nalo agombane na mkandarasi. Kwa bei ya stoo, ungedhani sweta limefumwa na malaika.

Wifi yangu alinishauri nikampigie magoti mwalimu mkuu. Nikamwambia magoti yangu nayatunza kwa kusugulia sakafu.

Jumamosi nikachukua lile sweta dogo na kwenda nalo kwenye mitumba, maana rangi ya shule ni damu ya mzee, na ukikosea kidogo tu umeula wa chuya. Muuzaji tunamwita Chagua kwa sababu ya kelele zake za "chagua, chagua". Siku hiyo alikuwa anafungua robota jipya. Alikata mikanda kwa kisu, nguo zikamwagika kwenye turubai na harufu yao ya dawa, na sisi tukazivamia. Pale hakuna shangazi wala shemeji. Sheria ni moja: kilicho begani ni chako, kilicho chini ni cha yeyote.

Sheria hiyo ndiyo iliyoniponza. Niliona sweta kubwa, zito, rangi ileile, halina hata tundu. Nikalivuta, na mama mmoja akalivuta upande wa pili. Katika vuta nikuvute hiyo, sweta la mwanangu likaniponyoka begani. Nilishinda, lakini nilipoinama kuliokota la zamani, halikuwepo. Chagua alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa ameshaliuza.

Nikamuuliza kamuuzia nani, akanionyesha kwa kidevu. Mwanamke aliyejitanda mtandio mpaka kwenye nyusi alikuwa anashindilia masweta kwenye kiroba, makubwa kwa madogo, yote damu ya mzee. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwita nilipomsikia akimwomba Chagua ampunguzie bei. Sauti ile niliijua. Ndiyo iliyoniambia, kwenye dirisha la stoo ya shule, kwamba masweta yao yanatoka kiwandani, na asiyeweza atafute shule ya saizi yake.

Alikuwa Bibi Stoo mwenyewe.

Nilitaka kumvua ule mtandio mbele za watu. Lakini nikamwacha aende na sweta la mwanangu, kwa sababu nilijua litarudi wapi.

Nyumbani nikafua lile kubwa kwa maji ya chumvi na kulipiga pasi. Binti yangu akaniomba nimtafutie nembo ya kubandika. Nikamwambia sitamshonea uongo kifuani. Alinuna, na mimi roho iliniuma, maana atakayesimama getini na kuchekwa ni yeye.

Jumatatu mwalimu wa zamu akatuzuia kama nilivyotarajia. Nikamwomba kwa adabu anisindikize dirishani, nikanunue. Foleni ya wazazi ilikuwa ndefu. Zamu yetu ilipofika, nikamwambia Bibi Stoo anitolee masweta madogo yote nichague, mtoto wa dada yangu naye anahitaji. Akayapanga mezani, kila moja ndani ya mfuko wake wa plastiki, nembo mpya kifuani. Nikafungua la kwanza, nikafungua la pili. La tatu nikageuza pindo la mkono, na uzi wangu wa kijani ukatokea, ule niliotililia pindo lililofumuka, uzi wa damu ya mzee uliponiishia.

"Mwalimu," nikasema, "hili jipya nimelitililia mimi mwaka juzi."

Bibi Stoo akainama dirishani na kuninong'oneza nichukue lolote, bure, tusiaibishane. Sisemi sikutamani. Lakini nyuma yangu alisimama jirani yangu.

"Hilo la bure," nikajibu kwa sauti ya kusikika na wote, "huyu jirani yangu aliuza cherehani yake kulinunua."

Jirani akamvuta mwanawe, akageuza pindo la mkono wake. Wa nyuma yake naye akageuza la wake. Bibi Stoo akavuta dirisha, lakini mzazi mmoja alikuwa ameshaweka kiwiko.

Mwalimu wa zamu, jasho likimtoka, akamgeukia binti yangu kana kwamba kosa bado lilikuwa lake. Akamuuliza nembo yake iko wapi.

Nilitaka kujibu mimi, akanitangulia.

"Iko pale mezani, mwalimu. Kwenye sweta langu la zamani."

Akaning'iniza mkoba begani, akaelekea darasani.