Gari Ambalo Azhar Hakulitaka

Ijumaa ile Muhanna alirudi kutoka msikitini, akaketi mkekani, akauvuta wali kwa vidole, kisha akasema bila kumtazama mtu, "Gari la Azhar limepatikana. Kesho Shakuru analileta."

Azhar alikuwa akimwondolea mama yake miba ya samaki wa mukeke. Mkono ukasimama juu ya sahani.

"Gari gani?"

"Gari. We si unatafuta cha kupanda?"

"Mi natafuta pikipiki. Nilikwambia, kaka. Nilikwambia hapa hapa."

"Nilisikia. Nikaona afadhali nikusitiri."

Azhar alikuwa mtaalamu wa maabara katika kliniki moja ya Kinanira, na nusu ya kazi yake ilikuwa kuwafuata wagonjwa majumbani: wazee wasioweza kushuka kilima, wajawazito walioambiwa walale. Anawatoa damu, anaiwahisha maabara kabla haijaharibika. Kule juu mvua zilikwisha kuzichimba njia, nyingine magari hayapiti kabisa. Na tangu esansi, mafuta ya gari, iadimike mjini, mabasi yalikuwa yakitazamiwa kama mwezi wa Idi. Zaidi ya mara moja alifika na chupa zimeharibika, ikabidi arudi kumchoma sindano upya mzee wa watu, huku mzee akimwapiza. Ndiyo maana alidunduliza pesa zake, akajifunza, akapata perimi, leseni ya gari na ya pikipiki.

Muhanna alikuwa kaka yake mkubwa. Tangu baba yao afariki, duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa mikononi mwake, na nyumba ya mtaa wa Asiatiki vilevile. Alizoea kusema neno la mwisho, na mara nyingi la kwanza pia.

"Mwanamuke wa nyumba hii," alisema sasa, "hakai juu ya chuma mguu huku, mguu kule, mji muzima unamwangalia. Na mapolisi hawaachi pikipiki kuingia katikati ya mji. Utaifikisha hapa vipi? Utaibeba kichwani?"

"Itakuwa inalala kliniki."

"Munaona? Ameshapanga kila kitu."

Maha, mke wa Muhanna, alicheka kidogo ili kupoza mambo. "Gari lina raha yake, wifi. Watoto wataenda shule bila vumbi. Na sokoni Jabe sitabeba tena vikapu mi mwenyewe."

"Na mimi nitafika kwa dada yangu Buyenzi," mama yao, Bi Thuwaiba, alisema polepole, kana kwamba amekwisha kuvaa viatu.

Azhar aliwatazama mmoja mmoja. Kila mtu alishakaa katika gari lile, kila mtu na dirisha lake. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa bado nje.

"Pesa ni zangu," alisema.

"Na jina ni letu sote. Halafu mi nimeshampa Shakuru neno langu."

"Basi mulipe kwa neno lako."

Bi Thuwaiba alipiga mkeka kwa kiganja. "Azhar! Huyo ni kaka yako." Watoto wakaogopa hata kuomba maji.

Kesho yake Shakuru alilileta gari jeupe la zamani, limeoshwa mpaka magurudumu yanang'aa. Alikuwa rafiki wa Muhanna tangu ujana wao, mtu wa maneno matamu. "Ujaribu, dada, kisha useme," alimwambia Azhar, akampa ufunguo kwa mikono miwili.

Azhar alikusudia kuzunguka mtaa mara moja, arudishe ufunguo, mambo yaishe. Lakini hata kioo hajakirekebisha, milango ikafunguliwa. Muhanna akaingia mbele. Mama, Maha na Shakuru wakajibana nyuma.

"Jabe kwanza," Muhanna aliamuru. "Kushoto. Apana, kushoto nimesema! Punguza. Piga honi, huyo asikuchezee."

Jabe walimngoja Maha achague vitenge mpaka jua likawachoma ndani ya bati lile. Wakapita dukani, Muhanna akapakia makopo ya rangi na mfuko wa simenti wa mteja wake. Kisha Buyenzi kwa dada wa Bi Thuwaiba, ambako hakuna anayeingia akatoka bila chai. Walipoondoka, taa ndogo nyekundu ikawaka mbele ya Azhar.

"Lina kiu kidogo," Shakuru alisema.

Foleni ya kituo cha esansi ilikuwa imepinda kona na kupotelea mtaa mwingine. Madereva walikuwa wametandika mikeka kando ya magari yao, mmoja akinyoa ndevu kwa kioo cha gari lake. Azhar aliliegesha gari mkiani. Muhanna akawateremsha mama na Maha, akasimamisha teksi, akawaingiza. Kisha akainama dirishani kwa dada yake.

"We baki na gari. Foleni ikisogea, usogeze."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka upate. Si gari lako?"

Azhar aliiangalia ile foleni. Alikuwa na kiu, mgongo umelowa jasho, na tangu asubuhi hakwenda popote alikotaka yeye. Akafungua mlango, akatoka.

"Si langu. Kama unalitaka, ubaki nalo wewe." Angeweza kunyamaza hapo. "Aa, nilisahau. We haujui kuendesha. Perimi ilikushinda mara mbili."

Nyumbani jambo hilo lilijulikana, ila lilikuwa kama kidonda cha siri: halitajwi, haligusiwi. Kwa watu wa nje Muhanna alikuwa mtu asiyependa tu kuendesha, mtu wa kuendeshwa. Shakuru, rafiki wa miaka yote hiyo, hakuwa akijua. Alikitazama kiatu chake kwanza. Kisha kicheko kikamponyoka, kifupi, kama mtu aliyepaliwa.

Masikio ya Muhanna yaliiva. Azhar alijua amekata pasipokatwa, na upande mmoja wa moyo wake ukafurahi. Akauweka ufunguo katika kiganja cha Shakuru, akaondoka kwa miguu.

Wiki iliyofuata alinunua pikipiki nyekundu, si mpya, kwa mwalimu mmoja wa Mutanga Sud aliyekuwa anahama. Dorothée, muuguzi mwenzake, alimsindikiza kuichukua. Azhar akalifunga sanduku la sampuli nyuma ya kiti, akavaa kaske, kofia ya pikipiki, juu ya mtandio, akapanda Kinanira kwa njia zilizokuwa zikimla saa nzima. Siku hiyo kila chupa ilifika salama, na hakuna mzee aliyemwapiza.

Nyumbani ndiko kulikochacha. Alitoa salamu, Muhanna akaitikia kwa kugeuza kichwa. Maha akaanza kumwachia chakula jikoni kimefunikwa, kama cha mpangaji. Mama alikula na wengine, hakumwita.

Alhamisi, Azhar alikuwa akilifungua sanduku uani mwa kliniki, Muhanna akaingia getini. Jasho lilimtiririka, alikuwa amekipanda kilima kwa miguu. Wagonjwa kwenye benchi wakamfuata kwa macho.

"Lete ufunguo."

"Shikamoo, kaka."

"Lete ufunguo, Azhar. Mji muzima unanicheka. Shakuru ametangaza kila duka. Wananiita abiria."

"Basi umukasirikie Shakuru."

"Nani alimwambia?"

Muhanna akakaribia, akaishika pikipiki kwa usukani, na Azhar akadhani anataka kuisukuma atoke nayo. Muhanna akaisukuma, lakini pembeni. Ikaanguka kwa kishindo, kioo kikapasuka, mkono wa breki ukapinda. Mtoto mmoja kwenye benchi akaanza kulia.

Kaske ilikuwa bado mkononi mwa Azhar. Alijikuta ameiinua. Aliuona uso wa kaka yake chini yake, haukukwepa, kana kwamba ungeshukuru kupigwa. Akaishusha.

"Inyanyue," alisema.

"Sinyanyui."

"Inyanyue, Muhanna!" Hakuwahi kumwita hivyo, bila kaka.

"Leo ukirudi nyumbani, urudi bila hii. Ama usirudi."

Azhar akainama, akaishika pikipiki. Dorothée alikuja mbio kumsaidia. "Niache," Azhar alimwambia, akainyanyua peke yake. Alipogeuka, Muhanna alikuwa ameshatoka getini.

Usiku huo akalala kwa Dorothée. Mama yake alipiga simu baada ya magharibi. Hakuuliza atalala wapi wala amekula nini.

"Umemvua nguo kaka yako mbele ya mutu baki."

"Na yeye ameniangushia pikipiki mbele ya wagonjwa wangu, mama."

"Pikipiki ni chuma. Fundi ataikunja, ataikunjua." Simu ikakatika.

Azhar akaiweka simu kando.

Jumapili alikwenda kuchukua nguo zake, kwa basi. Gari jeupe lilikuwa uani: Muhanna alikuwa amelinunua mwenyewe, ametimiza neno lake kwa Shakuru. Vioo vilikuwa vimepandishwa juu joto lote lile, na ndani yake alikaa Muhanna mwenyewe, nyuma ya usukani, injini imezimwa. Alikuwa akihamisha gia huku midomo ikimcheza. Aliinua macho akamwona dada yake, akayarudisha kwenye gia.

Ndani, Bi Thuwaiba alikuwa amekwisha kuzikunja nguo za Azhar na kuzipanga katika mfuko. Zilinukia sabuni na udi.

"Mama, na wewe unanifukuza?"

"Sikukufukuza." Alifunga zipu. "Na sikukuita."

Azhar akauinua mfuko. Alikuwa mlangoni mama aliposema tena, kwa sauti ileile kavu, "Huyo Dorothée, umwambie asikupikie nguruwe."

"Tunakula maharage, mama."

"Haya."

Uani, Muhanna alikuwa bado akipambana na gia. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umelala tu, hauna kazi. Azhar alipita kando ya dirisha, akasimama bila kukusudia.

"Kanyaga klachi kwanza," alisema kupitia kioo.

Muhanna hakumtazama. Alinyoosha mkono, akabonyeza, na mlango ukajifunga kwa ndani. Azhar alisikia kitasa kikilia. Akauhamishia mfuko bega la pili, akatoka kutafuta basi.