Saa ya Kurudishiwa

Kutoka Penang hadi Medan ndege haimalizi hata saa moja, na kwa kuwa saa za Medan ziko nyuma, unaweza kuondoka saa tano ukatua saa tano haijafika. Mzee Gunadi wa Medan, aliyezoea kuvuka bahari kwenda kutibiwa Penang, hakuchoka kulicheka jambo hilo. "Ukienda wanakunyang'anya saa," alisema, "ukirudi wanakurudishia."

Safari hii daktari alisema hakuna dawa tena itakayomsaidia. Mzee alitaka jambo moja tu, aingie nyumbani kwake akiwa hai, maana kwao aliyekata roho nje hapitishwi mlangoni. Nafasi zilikuwapo kwenye ndege ya alfajiri. Binti yake Meilan akaziacha, apate kumwogesha na kumnyoa, asifike kwake kama mtu wa kuokotwa. Si tutarudishiwa saa hewani? Ndivyo alivyojiambia, mwanamke mwenye akili zake timamu.

Walipotua alimwonyesha saa ya ukutani. "Baba, unaona? Wameturudishia."

"Tia mfukoni," mzee alinong'ona.

Lakini uwanja wa ndege uko mbali na mji, na gari la kukodi lilikwama nyuma ya malori.

"Kaka, hakuna njia nyingine?" Meilan alimwuliza dereva.

"Ipo, dada. Nayo imejaa."

Karibu na soko, mkono wa baba ulilegea ndani ya mkono wake. Akamwita, akamwita tena, kimya. Meilan alinyoosha mkono afunge mtungi wa oksijeni aliokuwa akipumulia baba, akasita, akauacha uendelee kuvuma. Aliifikiria ndege ya alfajiri.

Mlangoni alisimama Halim, mdogo wa marehemu, na ukoo mzima nyuma yake.

"Anapumua?"

"Anapumua, Baba mdogo."

"Mbona uso umekuwa hivyo?"

"Safari imemchosha."

"Meilan, usituletee balaa. Humu ndani mna watoto." Akanyoosha mkono amguse.

Mama Giok, mke wa mzee, alimsukuma kando. Aliinama, akatega sikio kwenye mdomo wa mumewe, akakaa hivyo kwa muda.

"Anasema ana kiu," Mama Giok alisema akiinuka. "Hebu toka mlangoni, Halim. Au unataka kaka yako anywee chai barabarani?"

Wakampitisha. Alipokwisha kulazwa kitandani, Mama Giok alifunga mlango wa chumba, kisha akaufunga mtungi kwa mkono wake mwenyewe.

"Ilikuwa wapi?"

"Karibu na soko, Mama. Kulikuwa na ndege ya alfajiri. Niliiacha."

Mama Giok alipitisha kiganja taratibu kwenye shavu la mumewe.

"Nani amemnyoa?"

"Mimi."

"Umemnyoa vizuri," alisema, na hapo ndipo alipoanza kulia.