Pedi Nene

Mama Skrubu hakuzaliwa na jina hilo. Wateja ndio walimbandika, likashika, na kwa kweli lilimkaa. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushee, miwani ya kukuzia vitu juu ya paji la uso, ulimi hauna breki. Hakuna aliyeleta kompyuta kwenye karakana yake akaondoka bila kusemwa. "Hili vumbi umelifuga, au limekuja lenyewe?" angemuuliza mtu mzima na heshima zake, na mtu mzima angecheka tu, maana kazi ya mama huyo ilikuwa safi.

Siku hiyo mashine iliyokuwa mezani ilikuwa ya baba yake, na hakuwa na wa kumsema.

Baba alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Mwaka uliotangulia alifanyiwa upasuaji wa koo, akapona, lakini sauti haikurudi. Kalamu nayo ilishamshinda. Mkono ulitetemeka hadi mwandiko wake mwenyewe hakuweza kuusoma, yeye aliyewachapa watoto wa watu kwa mwandiko mbaya. Akabaki na kompyuta ya kupakata. Anadonoa herufi kwa kidole kimoja, anabonyeza kitufe, mashine inasema kwa niaba yake kwa sauti ya kijana asiyejulikana kwao. Siku ya kwanza familia nzima ilicheka. Baada ya wiki mbili hakuna aliyecheka tena, hiyo ikawa ndiyo sauti ya baba.

Wiki sita nyuma mashine ilianza kupata joto kidogo, na Mama Skrubu akaifungua, akaisafisha, akabadilisha kila cha kubadilishwa. Badala ya kupoa, ikaanza kuzimika. Mara ya kwanza ilizimika mbele yake. Walikuwa wawili tu sebuleni. Baba alidonoa kwa muda mrefu, jasho likamtoka, kisha mashine ikasema: "Mwanangu, kama ungenisikiliza ukabaki kufundisha, leo..." Ikakata. Kioo kikawa cheusi.

Mama Skrubu hakuhitaji kumaliziwa. Wimbo huo aliusikia miaka kumi na tano, tangu alipoacha chaki akashika bisibisi. Leo ungekuwa mtu. Leo ungekuwa umenipa heshima. Alijimalizia mwenyewe, moyo ukamuuma, akabeba mkoba wake na chai akaiacha nusu.

"Na hiyo mashine usiipakate juu ya mto, baba," alisema akiwa mlangoni. "Inakosa hewa. Iweke mezani, na usiandike maneno marefu."

Baba alitii. Mgongo ulikuwa unamsumbua, lakini alikaa kwenye kiti cha mbao, mezani, na kuandika neno mojamoja. Maji. Asante. Nzuri. Na huyu ni mtu aliyekuwa akihutubia shule nzima saa nzima bila karatasi.

Asubuhi hiyo dada mkubwa wa Mama Skrubu, ambaye ndiye aliyeishi na baba, aliingia karakanani na kuitua mashine mezani. "Jana nimemwamkia, imezima kabla hajaitikia," alisema. "Wewe si ndiye fundi? Tengeneza." Akaenda zake.

Mama Skrubu akatoa skrubu, akang'oa bamba la shaba linalokaa juu ya prosesa, ule ubongo wa mashine, kuvuta joto lake. Akashusha miwani. Akaangalia chini ya bamba, akaangalia prosesa, akaangalia tena bamba.

Ile pesti ya kupitishia joto, aliyoipaka kati ya bamba na prosesa wiki sita zilizopita, ilikuwa na alama kwenye kona moja tu. Kwingine kote ilikuwa vilevile alivyoiacha, haijakandamizwa na kitu. Bamba halikuwa limeigusa prosesa. Na sababu ilikuwa pale pale, imekaa wazi: zile pedi laini za kijivu alizozibandika pembeni, kwenye vipande vingine vinavyopata joto. Za zamani alizozitoa zilikuwa na unene wa milimita moja. Yeye alibandika za milimita mbili. Zilikuwa zimelinyanyua bamba lote, prosesa ikaachwa inaungua peke yake.

Kwa mteja angepima. Kila pedi ya mteja aliipima, hata kwa mteja msumbufu. Kwa baba yake alichukua ile nene kuliko zote kwenye droo, ile nzuri, kwa sababu mashine ilikuwa ya baba.

Fundi Simu, mzee waliyekodi naye chumba hicho, alinyoosha shingo kutoka meza ya pili. Hakuhitaji kuelezwa. "Loo! Hizo si pedi, ni magodoro."

"Nyamaza wewe."

"Haya. Lakini pedi unabadilisha dakika mbili, na mzee wako hajui pedi wala pesti. Mwambie feni ilikuwa mbovu. Nani atajua?" Kisha akasogeza bomba dogo la sindano. "Na umtie hii ya metali ya majimaji, ipoe mpaka ajifunike blanketi."

Mama Skrubu alilishika lile bomba, akalifikiria. Hakuna kitu kinachopeleka joto haraka kama hicho. Lakini kinapitisha umeme. Tone moja likitiririka, bodi yote imekwenda, na mashine hii ilikuwa ya kubebwa huku na huko. Akalirudisha. Kulikuwa na pesti nyepesi inayopakika vizuri, ila baada ya miezi hukimbilia pembeni na kuacha katikati pakavu. Akachagua ile nzito ya kijivu, inayosumbua kupaka lakini ikikaa imekaa.

Akafuta ya zamani kwa spiriti mpaka prosesa ikawa kioo. Akakata pedi za milimita moja, akazipima mara mbili. Akaweka pesti kiasi cha punje ya mchele, akaitandaza kwa kipande cha plastiki, polepole. Akalaza bamba, akakaza skrubu ya kona moja kisha ya kona ya mkabala, kila moja kidogo kidogo. Kisha akalifungua tena, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mteja yeyote, ili aone alama tu. Pesti ilikuwa imebanwa kote. Akafuta, akapaka upya, akafunga.

Alasiri aliipeleka mwenyewe.

"Shikamoo, baba."

Kidole kikadonoa. "Marahaba," ikasema mashine.

"Imepona. Sasa andika unachotaka, hata kitabu."

Baba alimtazama kwa kutoamini kidogo, kisha akainama. Alidonoa, akafuta, akadonoa. Mama Skrubu alisimama pembeni yake kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Hatimaye baba akabonyeza.

"Mwanangu, kama ungenisikiliza ukabaki kufundisha, leo nani angenitengenezea mdomo? Nilikosea. Nimetaka kukwambia wiki sita."

Machozi yalimtoka kabla hajajua. Angeweza kuishia hapo. Angeweza kumkumbatia mzee wake na kupokea sifa, kila mtu akalala salama. Alifuta pua kwa mkono.

"Baba, usinisifu. Haikuwa mto wala maneno marefu. Ni mimi. Niliweka pedi nene, sikupima. Umekaa kwenye hicho kiti cha mbao wiki sita kwa makosa yangu, na mimi nikakusema."

Baba aliondoa kidole kwenye herufi. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na ilimchukua binti muda kuelewa kwamba anacheka. Alicheka hadi akashika meza. Akadonoa, sentensi fupi tu.

"Vuta kiti. Nina maneno ya wiki sita."

Simu ya karakana ilikuwa ikiita mkobani. Mama Skrubu aliizima, akavuta kiti, akakaa.