Pua ya Kanagavel

Katika kiwanda chao cha magari huko Oragadam, kusini mwa India, mtu aliyeingia idara ya rangi na mafuta kichwani alichukiwa kuliko mwizi. Mafuta ya nywele, manukato, krimu ya mikono, vyote vilikuwa marufuku. Chembe ikirukia bati la gari, rangi inaikimbia na kuacha kishimo kama kovu la ndui. Ndiyo maana kila asubuhi Kanagavel, kiongozi wa zamu, alisimama mlangoni akinusa vichwa vya watu wake mmoja mmoja.

"Kaka, leo nimeoga vizuri, nusa na kwapa," Thenmozhi wa kupangusa mabati alimtania, na foleni nzima ikacheka.

Kicheko kilikatika vishimo vilipoanza. Gari baada ya gari lilitoka kwenye tanuri la kukaushia na uso uliotobokatoboka, likasuguliwa, likapakwa upya, likatoka vilevile. Walibadilisha vichujio, wakaosha mabomba, wapi. Meneja, Bwana Varadarajan, akamvuta Kanagavel kando.

"Mashine ni nzima," alisema. "Kikulacho ki nguoni mwako, bwana. Kuna mtu anatuhujumu. Mtafute."

Tangu hapo Kanagavel hakuona tena wafanyakazi, aliona washukiwa. Aliyekwenda msalani mara kwa mara alimtilia shaka, na asiyekwenda kabisa alimtilia shaka zaidi. Alishinda ndani ya chumba cha kupulizia rangi, koti la kazi halijafungwa, akiinamia kila gari kumsaka adui. Na kadiri alivyochunguza ndivyo vishimo vilivyozidi.

Mwisho jicho lake lilitua kwa Ezhilan, mdogo wake Thenmozhi. Kijana huyo alikuwa kibarua wa muda mrefu, na alikuwa ameahidiwa barua ya ajira ya kudumu siku ya Ayudha Puja, sikukuu ya kubariki zana za kazi. Wakwe zake watarajiwa walikwisha sema wazi: bila barua hiyo, binti yetu haolewi. Mtu wa namna hiyo aharibu magari kwa faida gani? Kanagavel alijiuliza, kisha akajijibu: labda amechoka kungoja, labda kuna wanaomlipa. Shaka haikosi chakula.

Akawa anamnusa asubuhi, saa ya chai, na baada ya chakula, mbele za watu. Siku moja Ezhilan akarudi nyuma hatua.

"Basi, kaka. Mimi si samaki."

"Asiye na kosa anaogopa nini?"

"Siogopi. Nimekataa tu."

Ushahidi ulikuwa huo tu, na ulitosha. Jioni Ezhilan alirudisha kitambulisho getini, dada yake akimtazama kwa mbali bila kuthubutu kumsogelea.

Kesho yake mabati yakatoka laini, hayana doa. Kanagavel alifurahi mpaka akasahau upweke wa nyumbani, kwa maana mkewe Poongodi alikuwa ameondoka jana yake kwenda kwao Vellore kwa sikukuu, na yeye akivaa mashati yaliyokunjamana bila kujali.

Siku ya Ayudha Puja zana zote zilipumzishwa. Roboti za kupulizia rangi zilipakwa msandali na doa jekundu, ndimu zikawekwa chini ya matairi. Bwana Varadarajan akampa Kanagavel heshima ya kupasua boga jeupe langoni, la kufukuza husuda. "Pua hii ndiyo iliyotuokoa," aliwaambia watu, nao wakapiga makofi. Thenmozhi hakupiga. Alikuwa anaokota vipande vya boga ili watu wasiteleze.

Jumatatu, Poongodi akiwa amerudi, Kanagavel aliingia kazini na shati lililonyooka, kola ikimeremeta. Kabla ya adhuhuri vishimo vilikuwa vimerudi.

Alisimama mbele ya gari la kwanza lililoharibika mpaka jasho likamtoka. Kisha, polepole, akavuta kola yake puani. Akampigia mkewe simu.

"Shati hili umelipiga pasi na nini?"

"Na ile dawa ya kopo niliyonunua mwezi uliopita. Mume wangu ni kiongozi, aende kazini kama gunia?"

Dawa ya kung'arisha nguo. Ndugu yake yale mafuta aliyowakataza watu. Kanagavel aliona haya. Alilivua shati, akaenda kwa meneja akiwa na fulana tu, shati mkononi.

"Bosi, ni mimi. Ni hili shati. Ezhilan hana kosa."

Bwana Varadarajan alifunga mlango kwanza. "Makao makuu tumeshawaambia ni Ezhilan, wakatushukuru. Nikiwaambia leo ni pasi ya mkeo, tunaondoka wote wawili. Kesho vaa shati jingine, vishimo vitaisha. Sasa nenda kakague watu wako, wasije wakaanza kuulizana."

Kanagavel alifunga koti juu ya fulana, akaenda. Foleni ilikuwa tayari, na hakuna aliyetania. Thenmozhi alikuwa wa kwanza. Alifungua kitambaa cha kichwani.

"Jana wakwe wamerudisha tambuu ya posa," alisema. "Mdogo wangu hatoki chumbani. Sasa ninuse na mimi, kaka, ujue kama nami ni mbaya wako."

Meneja alikuwa anatazama kupitia kioo. Kanagavel aliinama, akanusa, akasema, "Pita."